SOMO LA REDIO: KUITAFUTA NGUVU YA KUSHINDA NDIGANA

Leo tutazungumza habari za ndigana kali. Kupe humwuma ng'ombe na kumtia vijidudu mwilini. Tezi chini ya sikio huvimba, homa hupanda, mnyama huhema kwa shida, kisha hufa. Ugonjwa huu huua ng'ombe wapatao 1,000,000 kila mwaka katika Afrika Mashariki, ya Kati na ya Kusini. Ng'ombe wa maziwa wa kigeni huuawa nao upesi, na aliyekopa fedha ili anunue mmoja hubaki na deni tu.

Lakini wafugaji wameona tangu zamani kwamba katika zizi moja huyu hufa na yule hupona. Je, ni bahati?

Wataalamu wa Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mifugo, Nairobi, na wenzao wa Chuo Kikuu cha Edinburgh walilifuata swali hili kwa ng'ombe wa Borana. Palikuwa na fahali mmoja ambaye wengi wa uzao wake walipoambukizwa walipona. Basi nguvu hiyo hurithiwa. Lakini imekaa wapi?

Katika chembe za mwili wa ng'ombe mna nyuzi nyembamba mno 60, yaani jozi 30. Huitwa kromosomu. Katika kila jozi, ndama hupata uzi mmoja kwa baba na mmoja kwa mama. Juu ya nyuzi hizo yameandikwa maagizo ya mwili, na kila agizo huitwa jeni. Wataalamu waliwalinganisha waliopona na waliokufa, wakatafuta kipande cha uzi kilichozidi kuonekana kwa waliopona. Kazi hii huitwa kuchora ramani, ingawa haina mito wala milima.

Mwaka 2022 walitangaza kwamba kipande hicho kimo katika kromosomu ya 15. Ndani yake mna jeni iliyobadilika herufi moja tu. Ninyi mnaojifunza kusoma mtaelewa: ukitia nukta katikati ya sentensi, msomaji husimama hapo. Ndivyo agizo hili linavyokatika kabla ya mwisho wake. Ajabu ni kwamba wenye agizo lililokatika ndio wanaopona zaidi.

Katika ng'ombe 20 waliolipata badiliko hilo kwa baba na kwa mama pia, alikufa mmoja. Katika 97 wasiokuwa nalo kabisa, walikufa 44. Toeni 44 katika 97 madaftarini mwenu. Mtaona kwamba zaidi ya nusu walinusurika hata bila badiliko hilo. Kwa hiyo jeni hii si sababu pekee.

Faida yake ni kwamba damu kidogo ya fahali inaweza kupimwa kabla hajapandisha. Borana ni ng'ombe wa nyama, lakini badiliko hilo laweza kuingizwa katika ng'ombe wa maziwa kwa kuchagua wazazi, kizazi baada ya kizazi. Kupe huleta magonjwa mengine pia, kwa hiyo siku ya josho ni ile ile.