MZIO NA DAWA ZA KIHINDI: YAFAAYO NA YA KUHADHARI



Msimu unapoingia na majamvi yakajaa karafuu, hawakosekani watu wasiopatana na vumbi lake. Mmoja hupiga chafya tangu asubuhi hata jioni, mwingine macho humwasha, na mwingine vidole humtoka upele kwa kuchambua. Mara nyingi huo ni mzio. Jina lake la kitaalamu, aleji, lilibuniwa mwaka 1906 na Clemens von Pirquet, daktari wa watoto wa mji wa Vienna. Mwili, ambao kazi yake ni kujilinda na maradhi, hukidhania kitu kisicho na madhara kuwa ni adui, ukakipiga vita. Karafuu nayo imo: mafuta yake yana yujenoli, na ngozi za baadhi ya watu haziistahimili.

Wako kati yetu wanaotumia dawa za Kihindi, yaani Ayurveda, maana yake elimu ya uhai. Ni utabibu wa kale, wenye vitabu vya Charaka na Sushruta, na karafuu wao huiita lavanga. Wasema mwili una tabia tatu: vata ya upepo, pitta ya moto, na kapha ya maji na udongo. Chafya na makamasi huyahesabu kuwa kapha iliyozidi, jambo linalokaribia balghamu ya Ibn Sina. Sayansi ya leo haikuyathibitisha hayo, lakini wosia mmoja wafaa sana: mtu aujue mwili wake, akiepuke kinachoudhuru.

Basi twashauri hivi:

1. Kila unapopatwa, andika ulichokula, ulichoshika na mahali ulipokuwa. Huenda chanzo kikajulikana.

2. Unapogeuza karafuu jamvini, jifunge kitambaa puani na usimame upande utokako upepo. Oga kabla ya kulala.

3. Kuosha pua kwa maji ya chumvi ni desturi ya kale ya Wahindi, na madaktari wa leo waikubali. Tia robo kijiko cha chai cha chumvi katika kikombe cha maji yaliyochemshwa yakapoa. Maji ya kisima yasiyochemshwa yasitiwe puani kabisa.

4. Chai ya tangawizi hutuliza koo, wala haiponyi mzio. Mafuta ya karafuu asinyweshwe mtoto. Ni sumu kwake.

Sasa ya kuhadhari. Mwaka 2004 ulitangazwa uchunguzi uliofanywa Boston, Marekani, wa dawa 70 za Ayurveda zilizouzwa madukani. Dawa 14 zilikutwa na risasi, zebaki au aseniki. Kwa hiyo unga usiojulikana umetengenezwa wapi na kwa vitu gani, usiumeze, hata ukisifiwa vipi.

Mwenye pumu asiache dawa yake ya kuvuta aliyopewa na daktari kwa ajili ya unga wala majani. Na mtu akivimba midomo au ulimi, au pumzi ikimbana, apelekwe hospitali saa ile ile. Asingojee dawa ichemke.

Kila msimamizi wa wachumaji awajue wenye pumu katika kundi lake, na ajue mapema ni gari gani litakalowachukua.

Katibu wa Chama