Ujira wa Saa Chache na Ugumu wa Kuajiri katika Usambazaji wa Vifurushi Marekani

Katika sekta ya usambazaji wa vifurushi nchini Marekani, waajiri wamezoea kulalamika kwamba watu wa kufanya kazi za saa chache ni adimu, na kwamba hata wakipatikana hawadumu. Lalamiko hilo lina uzito wa pekee katika kampuni ya UPS, ambayo wafanyakazi wake wapatao 340,000 walikuwa chini ya mkataba wa chama cha Teamsters mwaka 2023, chama kilichoundwa mwaka 1903 na waendesha magari ya kukokotwa na farasi na ambacho hadi leo ni miongoni mwa vyama vikubwa vya wafanyakazi nchini humo. Kwa kuwa chama kipo, ujira hauamuliwi na meneja wala na soko peke yake, bali na mkataba wa hali bora, yaani makubaliano ya maandishi kati ya mwajiri na chama yanayoweka viwango vya mishahara, saa za kazi, likizo na taratibu za nidhamu kwa kipindi maalumu, ambacho kwa UPS siku hizi ni miaka mitano. Mkataba huo ndio unaoeleza kwa nini kampuni inayotafuta wapakiaji usiku na mchana haihangaiki kwa kiasi hicho kutafuta madereva, ingawa wote wamo katika chama kimoja na hushika mizigo ileile.

Inafaa kwanza kumtofautisha mfanyakazi wa saa chache na kibarua. Kibarua huajiriwa kwa siku au kwa msimu, na kazi ikiisha uhusiano wake na mwajiri umekwisha. UPS nayo huchukua watu wengi wa namna hiyo kila inapokaribia Krismasi. Mfanyakazi wa saa chache, kwa upande wake, ana ajira ya kudumu, ana nafasi katika orodha ya ukongwe kazini, hulipa ada ya chama, na baada ya kipindi cha kungoja hupata bima ya afya bila kukatwa mchango wa kila mwezi. Kinachompungukia ni urefu wa siku: mkataba humhakikishia saa tatu na nusu tu za kazi, na akipitisha saa tano huanza kulipwa kiwango cha saa za ziada, jambo linalompa msimamizi kila sababu ya kumruhusu aende nyumbani kabla ya hapo. Zaidi ya nusu ya wanachama wa Teamsters walioko UPS ni wa kundi hili.

Ufupi huo wa siku una sababu yake katika mwendo wa mzigo wenyewe, ambao hauingii kituoni kidogokidogo mchana kutwa bali hufika kwa mkupuo. Matrela hushushwa usiku, vifurushi huchambuliwa kwa anwani, na zamu ya alfajiri, inayoanza yapata saa kumi, huvipakia katika magari ya kusambazia. Mpakiaji wa zamu hiyo hupewa magari matatu au manne yaliyoegeshwa kando ya mkanda unaotembea. Ndani ya kila gari kuna rafu zilizopewa namba kuanzia 1000 hadi 8000, na lebo ya kila kifurushi humwonyesha gari na sehemu ya rafu kinapotakiwa kukaa, ili dereva avikute vimepangwa kwa mfuatano wa mitaa atakayoipita. Hapo mkono unatakiwa uwe mwepesi na jicho liwe kali, kwa maana mkanda haumngoji mtu, na kifurushi kimoja kinaruhusiwa kufika ratili 150, yaani karibu kilo 68. Yapata saa tatu asubuhi magari yamekwisha kutoka, mkanda umezimwa, na hakuna kazi nyingine ya kumpa mpakiaji hadi mzigo wa jioni uanze kurudi kutoka kwa wateja.

Kwa hiyo mtu anayefikiria kuomba kazi hii hapimi kiwango cha saa peke yake, ingawa mjadala wa hadharani hukaa zaidi hapo. Kiwango cha kuanzia kilipokuwa dola 15.50 kwa saa mwaka 2022, saa tatu na nusu kwa siku tano zilimpa mfanyakazi dola 271.25 kwa wiki kabla ya kodi na ada ya chama. Ghala la jirani lisilo na chama, likitoa dola 18 kwa wiki ya saa 40, lilimpa dola 720. Anayeamka saa tisa usiku ili apate ile 271 hana budi kuwa na kazi ya pili, au awe mwanafunzi, au awe na sababu nyingine ya kungoja, na idadi ya watu wenye sababu kama hizo katika mji wowote ina mwisho wake.

Mambo hayakuwa hivi tangu mwanzo. UPS, iliyoasisiwa Seattle mwaka 1907, ilianza kutumia wafanyakazi wa saa chache kwa wingi katika miaka ya 1960 kwa ridhaa ya chama, na kwa muda mrefu hao walilipwa kwa saa sawasawa na wenzao wa kutwa. Mgawanyiko ulikuja na mkataba wa mwaka 1982, ulioweka kiwango cha kuanzia cha dola 8 kwa wapakiaji na wapakuaji wapya, huku viwango vya madereva vikiendelea kupanda kila mwaka. Wakati huo kima cha chini cha kisheria cha nchi nzima kilikuwa dola 3.35, hivyo dola 8 hazikuonekana haba. Kasoro ilikuwa kwamba kiwango hicho hakikuguswa tena kwa miaka 15. Mwaka 1997, chini ya rais wa chama Ron Carey, wafanyakazi wapatao 185,000 waligoma kwa siku 15 mwezi Agosti, wakaungwa mkono na sehemu kubwa ya wananchi, na wakashinda ahadi ya nafasi 10,000 mpya za kutwa ambazo zingetokana na kuunganisha kazi za saa chache. Hata hivyo kiwango cha kuanzia kilipanda kwa senti 50 tu, kikawa dola 8.50, na hapo kikabaki hadi mkataba wa mwaka 2013 ulipokifikisha dola 10. Kwa kuzingatia mfumuko wa bei, dola 8 za mwaka 1982 zilikuwa na thamani ya karibu dola 19 za mwaka 2013.

Ni halali kuuliza chama chenye nguvu kiasi hicho kilikubalije jambo hilo kwa zaidi ya miaka 30, na jibu la kwamba viongozi walinunuliwa, ingawa hupendwa barazani, halitoshi. Mkataba hupigiwa kura na wanachama waliopo siku ya kura. Mtu atakayeajiriwa mwaka ujao hana kura, na aliyeajiriwa mwezi uliopita, ambaye huenda ataacha kazi kabla ya mwezi ujao, mara nyingi haoni faida ya kupiga kura. Dereva mwenye miaka 20 kazini huipiga. Kila fedha inayowekwa mezani hugombaniwa na pande nyingi, na upande usio na msemaji hupata makombo, pasipo mtu yeyote kukusudia kuudhulumu. Kisha ujira mdogo huwafanya wageni waondoke upesi, na kuondoka kwao huzidi kupunguza kura zao katika mkataba unaofuata.

Sababu ya pili imo katika namna ujira wenyewe ulivyopangwa. Wachumi huzungumzia malipo yaliyoahirishwa, yaani sehemu ya thamani ya kazi ambayo mfanyakazi haipokei leo bali huipata baadaye akidumu: pensheni, likizo inayorefuka kwa miaka, bima, na juu ya yote haki ya kugombea udereva, kwa kuwa nafasi nyingi za udereva hujazwa kutoka ndani kwa kufuata ukongwe. Mkurugenzi mtendaji wa UPS, Carol Tomé, alipotangaza Agosti 2023 kwamba dereva wa kutwa angefikia wastani wa dola 170,000 kwa mwaka, mishahara na mafao yakijumlishwa, kiasi hicho kiliwashangaza watu wengi. Lakini lango la kawaida la kufikia udereva huo ni ule mkanda wa alfajiri, na kungoja kwaweza kuchukua miaka. Mshindani asiye na chama huweka fedha zake zote mlangoni, palipo macho ya mwombaji kazi. Kampuni yenye mkataba huziweka ndani kabisa, ambako mwenye kodi ya nyumba ya kulipa mwisho wa mwezi hawezi kuzifikia.

Udhaifu huo ulidhihirika baada ya mkataba wa mwaka 2018. Kiwango cha kuanzia kiliwekwa dola 13, kikipanda taratibu hadi 15.50 katika mwaka wa mwisho, na mwezi uleule wa Oktoba ambapo kura zilihesabiwa Amazon ilitangaza dola 15 kwa wafanyakazi wake wote wa Marekani. Asilimia 54 ya waliopiga kura waliukataa mkataba, lakini viongozi waliupitisha kwa kutumia kanuni iliyodai theluthi mbili za kura za kukataa endapo waliojitokeza hawakufika nusu ya wanachama. Kanuni hiyo ilifutwa katika mkutano mkuu wa chama mwaka 2021. Korona ilipofika na mizigo ikafurika, kampuni ilijikuta haina watu, na katika miji mingi ikaongeza malipo kwa hiari yake juu ya kiwango cha mkataba, jambo linaloruhusiwa kwa kuwa kiwango cha mkataba ni sakafu. Kilichotolewa kwa hiari huondolewa kwa hiari: mwaka 2022, soko lilipolegea, nyongeza hizo zilipunguzwa katika vituo kadhaa, na watu waliokwisha kuzoea kipato fulani wakakuta malipo yao ya saa yameshuka kwa dola kadhaa.

Louisville, jimboni Kentucky, ambako kampuni ina kituo chake kikuu cha ndege, uhaba huu ulitafutiwa dawa tofauti. Ndege hutua kuanzia saa za usiku na lazima ziruke tena kabla ya mapambazuko, hivyo maelfu ya watu huhitajika katikati ya usiku, na mwishoni mwa miaka ya 1990 hawakuwa wakipatikana vya kutosha. Mwaka 1998 kampuni, serikali ya jimbo na vyuo vya mji huo vilianzisha mpango uitwao Metropolitan College, ambao humlipia karo ya chuo mwanafunzi anayefanya kazi zamu ya usiku, gharama ikigawanywa kati ya kampuni na serikali. Mpango huo umesifiwa sana, na kwa haki, lakini ni vyema kuona ulivyo: fedha za umma hutumika kuziba pengo ambalo kiwango cha saa kiliacha wazi.

Chini ya Sean O'Brien, aliyeshika urais wa chama mwaka 2022, suala la saa chache lilikuwa la mwisho kupatiwa mwafaka katika mazungumzo ya mwaka 2023, baada ya asilimia 97 ya waliopiga kura kuidhinisha mgomo. Mkataba ulioridhiwa mwezi Agosti kwa asilimia 86.3 uliwapandisha wote waliokuwa chini hadi angalau dola 21 mara moja, ukawapa waliokuwepo nyongeza ya jumla ya dola 7.50 katika miaka mitano, na ukaahidi nafasi 7,500 mpya za kutwa. Kwa saa tatu na nusu, wiki ya mgeni sasa ni dola 367.50. Hata hivyo dola 21 bado ziko chini ya zile dola 8 za mwaka 1982, ambazo kwa thamani ya mwaka 2023 zingekuwa karibu 25, na aliyeajiriwa baada ya mkataba huanzia 21 na kupanda hadi 23 tu, bila nyongeza ile ya jumla. Mpasuko wa zamani umepunguzwa upana, ila umerudiwa ndani ya kundi lenyewe la saa chache, kati ya waliotangulia na waliofuata.

Tangu hapo upepo umegeuka. Mwezi Aprili 2025 kampuni ilitangaza kupunguza nafasi zipatazo 20,000 na kufunga majengo 73, sambamba na uamuzi wa kupunguza mzigo wa Amazon kwa zaidi ya nusu ifikapo katikati ya mwaka 2026, huku uchambuzi wa vifurushi ukizidi kukabidhiwa mashine. Kazi za kwanza kuguswa na mashine hizo ni zile za ndani, za mkandani, ambazo ndizo zilizokuwa ngumu kujaziwa watu, na mkataba wa sasa utaendelea kuzilipa kwa viwango vilivyopangwa mwaka 2023 hadi tarehe 31 Julai 2028.