Zulia Lenye Vifaru, Ungelitandika Sebuleni?

Kwa mbali ni zulia la kawaida tu: jekundu lililokolea, sufu laini, mapambo pembeni. Sogea karibu uone. Yale uliyodhani ni maua kumbe ni helikopta. Pembezoni zimepangwa bunduki za AK-47 na mabomu ya mkono, na katikati vimejaa vifaru. Karibu Afghanistan!

Mazulia haya ya vita yalianza kuonekana baada ya jeshi la Kisovieti kuivamia nchi hiyo Desemba 1979. Wafumaji, wakiwemo wanawake wengi wa Kibulushi na Kiturkmeni, walikuwa wamezoea kufuma maua, ndege na miti, michoro waliyorithi kwa mama na bibi zao. Vita vilipofika, yale yaliyopita angani na barabarani yakaingia kwenye zulia pia. Mengine yalifumwa na wakimbizi waliokimbilia Pakistan. Kama kanga inavyosema kwa maandishi, zulia hili lilisema kwa picha.

Biashara nayo ikaingia

Lakini tusidanganyane, si kila zulia ni kilio cha mfumaji. Wafanyabiashara walishtukia kwamba wageni wanayapenda, wakaanza kuagiza michoro inayouzika. Baada ya Marekani kuivamia Afghanistan mwaka 2001, yakatoka mazulia yenye ndege zinazogonga minara ya World Trade Center, New York. Baadhi yana bendera za Marekani na Afghanistan na njiwa katikati yake, mchoro ulioigwa kutoka kwenye vipeperushi vilivyodondoshwa na Wamarekani. Wanajeshi wa kigeni wakayanunua kama zawadi za kupeleka kwao. Siku hizi zimo hata ndege zisizo na rubani.

Je, mfumaji alikuwa anaomboleza, anajivunia, au anatafuta tu hela ya chakula? Muuzaji atakunogeshea hadithi vizuri sana. Lakini yule aliyepiga maelfu ya mafundo kwa mkono, kwa miezi, mara nyingi jina lake halipo popote.

Kabla hujafungua pochi

Mazulia haya yameonyeshwa hata kwenye jumba la Textile Museum of Canada, Toronto, mwaka 2008, na yanauzwa mtandaoni. Ukilipata, ligeuze. Lililofumwa kwa mkono huonyesha mafundo na mchoro wake hata kwa nyuma. Kisha uliza: limefumwa wapi, lini, na mfumaji alilipwa nini?

Usione aibu kuuliza. Tangu Taliban warudi madarakani Agosti 2021, wasichana wamezuiwa kuendelea na shule baada ya darasa la sita, na wanawake wamefungiwa kazi nyingi. Kufuma mazulia ni kati ya chache zilizobaki.

Kwa hiyo mgeni akikuuliza, "Mbona umeweka vita sebuleni?", uwe na jibu linalomhusu mwanamke aliyelifuma, siyo bei uliyolinunulia tu.