Matembezi Magharibi ya Goma (2): Kutoka Keshero hadi Lac Vert

Wiki iliyopita tuliishia katikati ya mji, juu ya mawe meusi ambayo Nyiragongo iliyaacha Januari 2002. Leo tunageukia upande wa machweo. Tunaanzia Keshero, tunafuata barabara ya Sake hadi Mugunga, kisha tunaiacha barabara kuu na kupanda vilima vya Lac Vert na Bulengo. Kwa mwenye miguu mizima ni safari ya asubuhi moja, na muda wa kukaa juu na kutazama uwe mrefu kuliko wa kutembea.

Ondoka alfajiri. Kuanzia saa kumi na mbili hadi saa mbili hivi, hasa mvua ikiwa imenyesha usiku, mawingu huwa hayajapanda na volkano zinaonekana nyuma ya mji. Nyiragongo, mita 3,470, imesimama wima. Kushoto kwake ni Nyamulagira, mita 3,058, mpana na mnene kama chungu kilichofunikwa. Kufika saa nne, mara nyingi vilele vimeshajifunika. Wengi hupendelea kiangazi, Juni hadi Agosti, kwa kuwa njia ni kavu, lakini miezi hiyo vumbi na ukungu mkavu huvificha vilele siku nyingi. Mimi nachagua mwanzo wa mvua, Septemba, na viatu vichafuke.

Ila asubuhi hiyohiyo ina hatari yake, nayo nitaieleza kwa urefu baada ya kitambo.

Barabarani kutoka Keshero utapishana na chukudu zinazotoka upande wa Masisi na viazi, kabichi, mbao na magunia ya makaa. Simama uitazame moja kwa makini, maana ni kazi ya mikono ya mafundi wetu. Mwili wake ni mbao za mkaratusi. Magurudumu ni ya mti pia, yamevishwa ukanda wa mpira uliokatwa kwenye tairi kuukuu na kupigwa misumari. Kipande kingine cha mpira kimefungwa nyuma, juu ya gurudumu. Mwenye chukudu akikikanyaga, kinabana na mwendo unapungua. Pale anapopiga goti pamegandamizwa kandambili au mpira mnene. Kwa goti moja na mguu mmoja unaosukuma, kijana anateremsha mzigo ambao wanaume wanne wasingeuinua.

Mugunga hatuwezi kuipita kama watu wanaokatiza pori tupu. Mwaka 1994 ilijaa wakimbizi kutoka Rwanda, na kipindupindu kiliua maelfu kwa maelfu huku Goma. Sababu moja iliyozidisha msiba ilikuwa ardhi yenyewe: lava ni mwamba, haichimbiki, kwa hiyo vyoo na makaburi vilishindikana. Miaka ya karibuni vilima hivi vilifunikwa tena na mahema, safari hii ya wakimbizi wetu wa ndani, na tarehe 3 Mei 2024 mabomu yaliangukia kambi za huku yakaua watu, wakiwemo watoto. Mapema 2025, baada ya waasi wa M23 kuuchukua mji, kambi zilivunjwa. Ukipita, wasalimu watu, usiinue simu kupiga picha bila kuomba, na usimpige picha mwenye silaha yeyote.

Sasa ile hatari.

Miaka kadhaa iliyopita niliwapeleka wanafunzi wangu huko. Tulipoiacha barabara, vijana wawili walitaka kukata njia kupitia kijibonde chenye majani mabichi. Mama mmoja aliyekuwa akikatia mbuzi majani juu ya ukingo akainua panga. "Papa, usiache watoto washuke mule," aliniambia. "Mazuku iko." Tukasimama. Akatuonyesha kwa ncha ya panga: chini kabisa, kati ya mawe mawili, ndege wadogo watatu wamelala, mabawa yamefumbwa, manyoya mazima, bila jeraha wala tone la damu. Hatua chache kutoka hapo palikuwa na mjusi, kichwa kimeelekea juu, kama aliyekuwa akipanda kutoka.

Msomaji wa pwani akisikia mazuku atakumbuka mizuka. Watu wa hapa wanamaanisha upepo mbaya, unaoua bila kuonekana. Wanasayansi wa volkano walipokuja kuuchunguza hawakutafuta jina jipya: neno mazuku limeingia katika maandishi yao kama lilivyo. Ni hewa ya ukaa, kaboni dayoksaidi, inayopanda kutoka kwenye magma chini sana kupitia nyufa za bonde la ufa. Ni nzito mara moja na nusu kuliko hewa ya kawaida, kwa hiyo haitawanyiki upesi. Inatiririka kama maji na kutuama mabondeni. Usiku, na alfajiri kabla upepo haujaamka, hujaa zaidi. Jua likipanda na upepo ukivuma, hupungua, ingawa yapo mashimo ambayo hayaaminiki saa yoyote. Hewa hiyo haina rangi, na pua haikuonyi. Ikizidi sehemu kumi katika mia ya hewa unayovuta, mtu huzimia upesi, akaangukia palepale ilipo nzito zaidi. Ndiyo maana mbuzi na watoto hutangulia kufa, kwa kuwa pua zao ziko karibu na ardhi.

Wapo wanaoshuka na mshumaa au kiberiti wakingoja moto uzimike ndipo warudi. Nawasihi waache. Moto unapozimika wewe umeshavuta vya kutosha kukuangusha. Na aliyeanguka asifuatwe na mwenzake kwa mbio, kwa sababu mara nyingi mwokoaji ndiye maiti ya pili. Kanuni ya mama yule ni bora kuliko kipimo chochote cha mfukoni: tembea juu ya migongo ya vilima, bondeni usishuke, na popote penye kibao cha onyo au mwenyeji anayekuzuia, geuka.

Kwa bahati nzuri mandhari yenyewe iko juu. Lac Vert ni shimo la volkano lililojaa maji, na kilima kilichoizunguka kinasimulia kilivyozaliwa. Magma ilipokuwa ikipanda ilikutana na maji. Maji yakageuka mvuke kwa ghafla, mlipuko ukasaga mwamba kuwa majivu na changarawe, vikaanguka tabaka juu ya tabaka. Tafuta mahali ambapo ukingo umekatwa, utaziona tabaka hizo, nyembamba na nene zikipokezana. Ndiyo maana vilima vya huku ni vifupi, mdomo umeachama, tofauti kabisa na Nyiragongo. Kisiwa cha Tchegera, kinachoonekana ziwani kimejikunja kama mwezi mwandamo, ni ukingo wa shimo la namna hiyo uliobaki juu ya maji. Rangi ya kijani ya Lac Vert inatokana na mwani mwembamba unaojaa humo.

Upande wa pili wa kilima ni Kivu yenyewe, ziwa lisilo na mamba wala kiboko. Kina chake kinakaribia mita 480, na maji ya chini yameshikilia kilomita za ujazo zipatazo 300 za hewa ileile ya ukaa, pamoja na 60 hivi za methani. Ukiwahi utawaona wavuvi wa sambaza wakirudi: mitumbwi mitatu imeunganishwa kwa miti mirefu, taa za usiku zimezimwa, makasia yanakwenda kwa wimbo. Sambaza si mzaliwa wa Kivu. Aliletwa kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, na leo ndiye anayenukia kwenye kila kikaango cha Keshero jioni.

Watu huniuliza kwa nini nisiwapeleke Nyiragongo kwenyewe. Njia ya Kibati, iliyokuwa ikiwafikisha wageni hadi ukingo wa ziwa la moto, haipokei watalii, na mlipuko wa 22 Mei 2021 bado uko moyoni mwa wengi: siku tano baadaye, mitaa kumi ilipoamriwa kuhama, maelfu walipita barabara hii hii ya Keshero na magodoro kichwani, wakielekea Sake.

Huko Sake ndiko tutakakokwenda wiki ijayo, hadi pale lava ya Nyamulagira ilipoingia ziwani mwaka 1938. Njoo na viatu vya soli ngumu, maana mawe yale bado hayajawa udongo, na kandambili haitamaliza nusu ya njia.