Kamera ya ulinzi

Kamera ya ulinzi (huitwa pia kamera ya usalama au kamera ya CCTV) ni kamera ya video inayofungwa mahali fulani ili kuangalia na kurekodi yanayotokea hapo, kwa lengo la kulinda watu na mali. Inatofautiana na kamera ya televisheni kwa kuwa picha zake hazirushwi kwa umma, bali hutazamwa na watu wachache walioruhusiwa.

Kamera hizi hutumika katika benki, maduka, hospitali, shule, maghala, barabara na nyumba za watu. Thamani ya kamera haipimwi kwa bei wala kwa idadi ya megapikseli peke yake. Hupimwa kwa uwezo wa picha yake kujibu maswali yanayoulizwa baada ya tukio: nani alifika, alifanya nini, na ilikuwa saa ngapi. Uwezo huo hutegemea pia mazingira. Kamera inayofaa kwa duka la Dar es Salaam inaweza isifae kwa ghala la mahindi katika uwanda wa juu wa Ufipa, wenye baridi, ukungu, vumbi, radi na vijiji vilivyo mbali na umeme.

Historia

Mfumo wa CCTV unaotajwa mara nyingi kuwa wa kwanza ulitumika Ujerumani mwaka 1942 huko Peenemünde, kutazama urushaji wa makombora ya V-2 kutoka mahali salama. Mfumo huo haukuweza kurekodi. Nchini Marekani, muuguzi Marie Van Brittan Brown wa New York na mumewe Albert walibuni mfumo wa kamera ya mlangoni kwa ajili ya nyumba, wakapewa hataza mwaka 1969. Mwaka 1996 kampuni ya Axis ya Uswidi ilitoa kamera ya kwanza ya kuunganishwa moja kwa moja na mtandao wa kompyuta.

Katika Afrika ya Mashariki, serikali ya Kenya iliipa kampuni ya Safaricom kazi ya kufunga kamera katika miji ya Nairobi na Mombasa kwa mkataba wa mwaka 2014. Nchini Uganda, mpango wa kufunga kamera mjini Kampala ulipata msukumo baada ya afisa wa polisi Andrew Felix Kaweesi kuuawa Machi 2017. Nchini Tanzania, mfanyabiashara Mohammed Dewji alipotekwa jijini Dar es Salaam tarehe 11 Oktoba 2018, Mkuu wa Jeshi la Polisi, Simon Sirro, aliwaonyesha waandishi wa habari picha za gari lililohusishwa na tukio hilo na kutaja namba zake za usajili. Tukio hilo liliwaonyesha wengi kwamba namba inayosomeka katika picha ni msaada mkubwa kwa uchunguzi.

Sehemu za mfumo

Mfumo wa kawaida una kamera, kinasa picha, diski ya kuhifadhia, kebo na chanzo cha umeme. Kuna aina kuu tatu:

- Kamera za analogi, ambazo hupeleka picha kwa kebo ya mviringo kwenye kinasa cha DVR. Ni rahisi kwa bei na mafundi wengi wanazifahamu.
- Kamera za mtandao, ambazo hutumia kebo ya kompyuta na kinasa cha NVR. Kebo moja inaweza kubeba picha na umeme pamoja, kwa umbali usiozidi mita 100.
- Kamera zisizo na waya, ambazo hutumia Wi-Fi au laini ya simu. Ni rahisi kufunga, lakini kuta nene, mabati na mtandao hafifu huzikatisha. Nazo bado zinahitaji umeme au betri.

Kiwango cha utambuzi

Kabla ya kununua, mnunuzi anapaswa kuamua picha itatumika kwa kazi gani. Viwango vya kimataifa vya mifumo ya kamera vya mwaka 2014 vilipima jambo hili kwa idadi ya pikseli zinazoangukia kila mita moja ya upana wa eneo linaloonekana:

- Pikseli 25 kwa mita: kugundua kwamba kuna mtu.
- Pikseli 62 kwa mita: kuona anachofanya na mavazi yake kwa jumla.
- Pikseli 125 kwa mita: kumtambua mtu ambaye mtazamaji anamfahamu tayari.
- Pikseli 250 kwa mita: kuthibitisha sura ya mtu asiyefahamika.

Watu wengi hufunga kamera wakitegemea kiwango cha nne, kumbe walichopata ni cha pili. Mwizi huonekana akibeba magunia, lakini hakuna anayeweza kusema ni nani.

Lenzi na pikseli

Kamera ya megapikseli 2 ina pikseli 1,920 kwa upana. Ili kupata pikseli 250 kwa mita, eneo linaloonekana lisizidi upana wa mita 7.7 (1,920 ÷ 250). Upana huo hutegemea lenzi, kama inavyoonekana katika makadirio haya:

- Lenzi ya milimita 2.8 huona pembe ya takriban nyuzi 100. Sura ya mtu huthibitika hadi kama mita 3.
- Lenzi ya milimita 6 huona takriban nyuzi 50. Sura huthibitika hadi kama mita 8.
- Lenzi ya milimita 12 huona takriban nyuzi 27. Sura huthibitika hadi kama mita 16.

Kwa mfano, ghala lina geti lililo mita 8 kutoka ukutani. Kamera ya lenzi ya milimita 2.8 ikifungwa ukutani hapo, itaonyesha uwanja wote, lakini sura ya anayeingia getini haitathibitika. Mwenye ghala akinunua kamera ya megapikseli 8 yenye lenzi hiyohiyo, umbali utafika kama mita 6 tu, kwa sababu pikseli zikiongezeka mara nne, upana wa picha huongezeka mara mbili. Kamera ya megapikseli 2 yenye lenzi ya milimita 6 ingetosha kwa geti hilo. Kwa hiyo ni kawaida kutumia kamera mbili: moja ya kuona eneo zima, na nyingine ya kuona sura pale ambapo kila mtu hupita.

Urefu wa kufunga nao ni muhimu. Kamera ya kuona sura hufaa ikiwa juu kwa mita 2.5 hadi 3. Ikiwekwa juu zaidi huona vichwa tu. Jambo hili lina uzito Ufipa, ambako katika miezi ya Juni na Julai watu wengi huvaa kofia na makoti mazito.

Mwanga, usiku na ukungu

Kamera nyingi huona gizani kwa taa za infraredi, yaani mwanga usioonekana vizuri kwa macho ya binadamu. Taa za nanomita 850 huonekana kama nukta nyekundu hafifu; za nanomita 940 hazionekani, lakini haziendi mbali sana. Picha za infraredi huwa nyeusi na nyeupe, hivyo haziwezi kuonyesha kwa uhakika kama koti lilikuwa jekundu au la bluu. Mahali ambapo rangi ni muhimu, huhitajika kamera yenye taa nyeupe, au taa ya kawaida ya nje.

Ukungu, wadudu na utando wa buibui hurudisha mwanga wa infraredi kwenye lenzi, na picha hugeuka kuwa wingu jeupe. Suluhisho ni kusafisha kioo mara kwa mara na kuweka taa kando, mbali kidogo na kamera.

Mchana kuna tatizo la kinyume chake. Mlango wa duka unaotazama jua humfanya anayeingia aonekane kama kivuli cheusi. Kamera yenye uwezo wa WDR huunganisha picha ya sehemu zenye mwanga mkali na ya sehemu zenye giza, ili sura ionekane.

Vumbi, mvua na radi

Sumbawanga iko takriban mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Mvua hunyesha hasa kuanzia Novemba hadi Aprili, na kiangazi huwa na upepo na vumbi. Kamera ya nje inapaswa kuwa na alama ya IP66 au IP67, inayomaanisha kwamba vumbi haliingii na maji ya mvua hayaidhuru. Alama ya IK10 humaanisha kwamba gamba lake huhimili kipigo kikali.

Radi huharibu mifumo mingi bila kuipiga moja kwa moja. Kebo ndefu ya shaba inayotoka jengo moja kwenda jingine hupokea msukumo wa umeme na kuupeleka hadi kwenye kinasa, na kamera zote huweza kuungua kwa pamoja. Kinga yake ni waya mzuri wa ardhini, vifaa vya kuzuia msukumo wa umeme katika ncha zote mbili za kebo, na kutumia kebo ya nyuzi za kioo kati ya majengo inapowezekana, kwa kuwa haipitishi umeme.

Umeme

Kwa miaka mingi Sumbawanga ilipata umeme kutoka nchi jirani ya Zambia pamoja na jenereta za dizeli, kwa kuwa haikuwa imeunganishwa na gridi ya taifa. Popote umeme unapokatika, mfumo usio na betri huacha kurekodi katika saa zinazowafaa wezi.

Hesabu yake si ngumu. Kamera 4 za wati 5 kila moja hutumia wati 20. Kinasa kikitumia wati 15, jumla ni wati 35. Kwa usiku wa saa 12 zinahitajika wati-saa 420. Betri ya asidi ya volti 12 na ampea-saa 100 ina wati-saa 1,200, lakini haifai kuitumia zaidi ya nusu ili isife mapema. Hivyo hubaki wati-saa 600, zinazotosha usiku mmoja pamoja na upotevu wa inveta. Mahali pasipo na umeme kabisa, paneli ya sola inapaswa kuweza kuijaza betri hiyo hata katika siku za mawingu za masika.

Hifadhi ya picha na intaneti

Kamera inayotoa megabiti 4 kwa sekunde hujaza takriban gigabaiti 43 kwa siku. Kamera 4 hujaza gigabaiti 173, hivyo diski ya terabaiti 1 hutosha kwa siku 5 au 6 tu. Baada ya hapo picha za zamani hufutwa na mpya. Ubanaji wa H.265 unaweza kupunguza kiasi hicho hadi karibu nusu. Ghala linalokaguliwa mara moja kwa mwezi linahitaji diski kubwa zaidi, la sivyo upungufu utagunduliwa wakati picha zimekwisha kufutwa.

Kamera inayotumia laini ya simu haifai kurusha picha muda wote, kwa kuwa bando litaisha haraka. Hufaa irekodi kwenye memori kadi na kutuma ujumbe au picha fupi pale tu panapotokea mwendo.

Kamera iliyo kwenye intaneti huweza kuvamiwa. Mwaka 2016 programu hasidi ya Mirai iliteka vifaa vingi, zikiwemo kamera na vinasa, ambavyo wenyewe hawakubadilisha neno la siri la kiwandani. Neno hilo linapaswa kubadilishwa siku ya kwanza, nalo lisibaki kwa fundi peke yake.

Ushahidi na sheria

Nchini Tanzania, Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015, kifungu cha 18, inaruhusu ushahidi wa kielektroniki. Mahakama huangalia kama njia ya kutengeneza na kuhifadhi rekodi inaaminika. Kwa hiyo picha zinafaa kunakiliwa mapema kutoka kwenye kinasa bila kuhaririwa, na majina ya walioishika nakala yaandikwe.

Saa ya kinasa iwe sahihi. Baada ya umeme kukatika, baadhi ya vinasa hurudi kwenye tarehe ya zamani. Isitoshe, vinasa huonyesha saa kuanzia usiku wa manane, ilhali Waswahili huhesabu kuanzia jioni: 02:00 ya kinasa ni saa 8 usiku ya shahidi. Maelezo yasiyoweka jambo hili wazi huleta mkanganyiko.

Katiba ya Tanzania, ibara ya 16, inalinda faragha. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023 na inasimamiwa na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Wanaokusanya taarifa binafsi wanatakiwa kujisajili kwa Tume, na picha ya mtu anayetambulika ni taarifa inayomhusu. Kamera haipaswi kuelekezwa chooni, chumba cha kubadilishia nguo, wala uani kwa jirani, na bango la kuwajulisha watu ni jambo la haki.

Mipaka ya kamera

Mapitio ya tafiti za miaka 40 yaliyochapishwa mwaka 2019 na Eric Piza na wenzake yalionyesha kwamba uhalifu ulipungua kwa takriban asilimia 13 katika maeneo yenye kamera ukilinganishwa na maeneo yasiyo nazo. Mafanikio yalikuwa dhahiri zaidi katika maegesho ya magari. Kwa hiyo kamera husaidia, lakini haichukui nafasi ya kufuli imara, mlinzi, taa na jirani mwema.

Hatua za kuchagua

1. Kutaja tukio linalohofiwa na mahali ambapo mhusika lazima apite.
2. Kupima umbali kwa futi kamba, kisha kuchagua lenzi, na baadaye megapikseli.
3. Kuangalia mahali hapo usiku na mchana, kiangazi na masika.
4. Kukokotoa umeme, betri na siku za kuhifadhi picha.
5. Kumtaka fundi aonyeshe picha ya mtu aliyesimama getini usiku, kabla ya kulipwa fedha zote.
6. Kukagua picha, saa na diski angalau mara moja kwa mwezi.