Makofi ya Beirut: Filamu ya Salahuddin na Watazamaji Wake

Baada ya darsa ya alasiri, kijana mmoja wa sekondari alibaki nyuma wenzake walipokwisha kuondoka. Aliinamisha kichwa, kisha akauliza: "Sheikh, Salahuddin alipoitwaa Baytul Maqdis, kwa nini aliwaachilia wale watu? Si wao ndio waliotuua?"

Nilimuuliza habari hizo amezipata wapi. Akasema ameziona katika simu ya rafikiye, katika vipande vya filamu vilivyokatwakatwa na kuunganishwa: farasi wanakwenda mbio, panga zinashuka, damu inaruka, na juu yake imetiwa nashidi ya kuchemsha damu. Filamu yenyewe hakuitazama. Mwisho wa kisa alihadithiwa tu, nao ukamuudhi.

Filamu hiyo naijua. Ni Kingdom of Heaven, yaani Ufalme wa Mbinguni, iliyoongozwa na Muingereza Ridley Scott na kuingia katika majumba ya sinema mwezi Mei 2005. Sehemu kubwa ilipigwa Morocco na Uhispania. Salahuddin Al-Ayyubi aliigizwa na Msyria, Ghassan Massoud, na Balian, mlinzi wa mji upande wa Wasalibi, akaigizwa na Orlando Bloom. Ni filamu yenye mauaji mengi, hata Marekani ikapewa daraja ambalo mtoto wa chini ya miaka 17 haruhusiwi kuingia ila awe na mzazi au mtu mzima wa kumwangalia. Katika simu za watoto wetu hakuna bawabu wa namna hiyo.

Neno moja la kijana yule lilinishughulisha: "waliotuua". Vita vya Salahuddin na Wasalibi vimepita zaidi ya miaka 800, na yeye ni mtoto wa Mombasa. Hata hivyo sikumwona mjinga. Merikebu za Wareno zilizokuja pwani yetu zilipeperusha msalaba wa Jumuiya ya Kristo, jumuiya iliyoundwa Ureno mwaka 1319 kuwarithi wapiganaji wa Hekalu, wale wale tunaowaona katika filamu hii wakiwa na misalaba mekundu vifuani. Mwaka 1505 Francisco de Almeida aliushambulia mji wa Kilwa, kisha akauteketeza mji wa Mombasa. Basi kumbukumbu tunayo. Swali ni kumbukumbu hiyo tutaifanyia nini.

Wahakiki walitangulia watazamaji

Filamu hii ilipingwa kabla haijamalizika kutengenezwa. Wakati wenyewe ulikuwa mbaya. Septemba 2001 Rais George W. Bush alikuwa amevitaja vita alivyovikusudia kwa jina hilo hilo la vita vya msalaba, na mwaka 2003 majeshi yake yakaingia Iraq. Ikasikika kwamba Hollywood inatengeneza filamu ya Wasalibi na Waislamu, na kila upande ukaona unachokichelea.

Profesa Jonathan Riley-Smith wa Cambridge, mmoja wa mabingwa wakubwa wa historia ya vita hivyo, aliikosoa vikali. Kwa rai yake, kisa kile kilichotwa zaidi katika riwaya za Walter Scott za karne ya 19 kuliko katika historia. Alichelea kwamba picha ya Waislamu waungwana na Wasalibi washenzi ingewapa nguvu watu wa siasa kali, na akalitaja jina la Osama bin Laden waziwazi. Upande wa pili, Profesa Khaled Abou El Fadl wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, ambaye ni Muislamu na mwanachuoni wa sheria, alisoma mswada wake akaingiwa na hofu iliyo kinyume: kwamba Waislamu wataonekana watu wa nyuma na chuki dhidi yao itazidi.

Tazama ajabu hiyo, ndugu msomaji. Kazi moja, wanazuoni wawili: mmoja anasema itawapendelea Waislamu, mwingine anasema itawadhuru. Filamu ilipotoka, baraza la Waislamu wa Marekani liitwalo CAIR liliisifu kwa uadilifu wake. Lakini jawabu lenye uzito zaidi, kwa maoni yangu, halikutoka kwa baraza wala kwa profesa. Lilitoka kwa watu waliokata tiketi zao.

Siku watu waliposimama

Mwandishi Muingereza Robert Fisk, aliyeishi Beirut miaka mingi hadi alipofariki mwaka 2020, aliitazama filamu hiyo mjini humo akiwa kati ya watazamaji ambao wengi wao walikuwa Waislamu vijana, kisha akaeleza aliyoyaona katika gazeti la The Independent. Fikiria mji wenyewe. Lebanon ilikuwa na vita vya wenyewe kwa wenyewe kuanzia 1975 hadi 1990, Wakristo na Waislamu wakiuana. Februari ya mwaka huo huo wa 2005, waziri mkuu wa zamani Rafik Hariri alikuwa ameuawa kwa bomu katikati ya mji. Hawa hawakuwa watu wa kuhadithiwa vita.

Wameketi gizani, wameyaona mapigano, wameiona miili imelala marundo. Kisha inakuja sehemu ambayo Salahuddin, mji ukiwa umeshakuwa wake, anapita ndani ya jengo na kuukuta msalaba umeanguka sakafuni. Anainama, anauokota, anausimamisha tena mahali pake, kisha anaendelea na njia yake. Hapo ndipo watazamaji wa Beirut walipoinuka vitini, wakapiga makofi na kushangilia.

Katika filamu iliyojaa panga, makofi makubwa yaliangukia mkono uliookota kitu cha adui na kukiheshimu. Waislamu wale walitaka kumwona mtu wao ana nguvu na ana huruma, yote mawili pamoja. Hofu ya Profesa Riley-Smith haikuwa ya bure, nitakuja kueleza. Lakini jioni ile haikutimia.

Yaliyoachwa nje ya filamu

Hata hivyo, si uadilifu kupokea sifa tu. Mwenyezi Mungu katika Suratul Maida ametuamrisha tuwe waadilifu hata tunapowachukia watu, na uadilifu huo unatulazimu pia tunapojisifu. Filamu inaonyesha Salahuddin akiwaacha watu wote watoke kwa amani. Wanahistoria wetu wenyewe, waliokuwa hai zama hizo, wameandika zaidi ya hayo.

Jeshi la Wasalibi lilivunjwa Hittin tarehe 4 Julai 1187. Baada ya vita, mateka wa Jumuiya ya Hekalu na ya Hospitali, wapatao 200, waliuawa kwa amri ya Salahuddin. Imaduddin Al-Isfahani, katibu wake, aliliandika jambo hilo bila ya kulificha. Mji ulipozingirwa, Ibnul Athir anasimulia kwamba Salahuddin mwanzoni alikataa kutoa amani. Alikusudia kuwatendea kama wao walivyowatendea Waislamu na Mayahudi Julai 1099, walipowachinja barabarani na ndani ya nyumba za ibada. Balian akamjibu kwamba wakikata tamaa watawaua mateka wa Kiislamu maelfu walio ndani ya mji, na kuubomoa Msikiti wa Aqsa na Kubba ya Mwamba. Salahuddin akawashauri wenzake, kisha akakubali sulhu.

Mji ukafunguliwa tarehe 2 Oktoba 1187, siku ya Ijumaa, 27 Rajab 583, tarehe ile ile tunayoikumbuka Miraji. Lakini watu walitoka kwa fidia: dinari 10 kwa mwanamume, dinari 5 kwa mwanamke, na pungufu ya hapo kwa mtoto. Balian alilipa dinari 30,000 kuwakomboa maskini wapatao 7,000. Al-Adil, nduguye Salahuddin, aliomba apewe mateka 1,000, na alipopewa akawaacha huru wote. Salahuddin naye akawasamehe wazee wengi. Askofu mkuu wa mji alitoka na mali nyingi, amelipa dinari zake 10 tu kama mtu yeyote. Wakubwa wa jeshi wakataka apokonywe. Salahuddin akakataa, kwa kuwa ahadi ilikwisha kutolewa. Pamoja na hayo yote, maelfu ambao hawakuwa na cha kulipa waliingia utumwani.

Je, habari hizi zinamvunjia Salahuddin heshima? Kwangu zinamzidishia. Salahuddin wa filamu ni mwema kwa sababu mwandishi amemwandika hivyo. Salahuddin wa Ibnul Athir ana hasira, ana kisasi moyoni, ana jeshi linalotaka ngawira, na juu ya hayo yote anashika ahadi. Mtu wa namna hiyo anaweza kuigwa, maana na sisi tuna hasira. Alipofariki Damascus mwaka 1193, kadhi wake Bahauddin Ibn Shaddad aliandika kwamba hazina yake mwenyewe ilikuwa na dirham 47 na kipande kimoja cha dhahabu.

Kukosoa nako kuna adabu yake

Baadhi ya watu watasema dawa ni kuzipiga vita filamu zote. Hukumu ya sinema na muziki wanavyuoni wana maneno yao, na hapa si mahali pake. Nitakumbusha kisa kimoja tu.

Moustapha Akkad, Muislamu mzaliwa wa Aleppo, alitengeneza miaka ya sabini filamu iitwayo The Message, juu ya mwanzo wa Uislamu. Alitafuta ushauri wa wanavyuoni wa Al-Azhar, na katika filamu yote Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, haonekani wala sauti yake haisikiki. Machi 1977 watu wenye silaha waliojiita Waislamu waliteka majengo matatu mjini Washington na kuwashika watu zaidi ya 100. Moja ya madai yao lilikuwa filamu hiyo isimamishwe. Hawakuwa wameiona. Mwandishi kijana wa redio aliuawa. Waliosaidia kuumaliza msiba ule ni mabalozi watatu wa nchi za Kiislamu, wa Misri, Pakistan na Iran, walioketi na wale watu na kuwasomea Qur'ani.

Akkad alikuwa na ndoto ya kutengeneza filamu ya Salahuddin. Novemba 2005, miezi michache baada ya filamu ya Scott kutoka, yeye na binti yake waliuawa katika milipuko ya mahoteli mjini Amman, iliyofanywa na watu waliodai kuipigania dini. Suratul Hujurat imetufundisha kuthibitisha habari kabla ya kutenda. Anayeichukia filamu asiyoiona, na anayeipenda kwa vipande vya simu, wote wawili wameyapuuza mafunzo hayo.

Hapa ndipo ninaporudi kwa Profesa Riley-Smith. Filamu kamili iliwafanya vijana wa Beirut kuushangilia mkono wa huruma. Filamu ile ile, ikikatwa ikabakizwa panga tupu na kutiwa nashidi, ilimfanya kijana wangu aichukie huruma hiyo hiyo. Pwani yetu imekwisha kupoteza watoto wa namna hii. Wapo akina mama ambao hadi leo hawajui wana wao wamezikwa wapi, na safari ya baadhi yao ilianza kwa picha za mkononi. Anayezikata filamu hizi anajua anachokitupa, nacho ni mwisho wa kisa.

Kwa hiyo nawaomba wazazi. Filamu hii siwapendekezei watoto. Mbali na damu, ina mahusiano ya mwanamke mwenye mume na mwanamume mwingine. Lakini mtoto mkubwa akishaiona, au akiviona vipande vyake, usimnyang'anye simu na kunyamaza. Muulize ameona nini. Muulize alifurahi wapi. Jibu la swali hilo la pili litakueleza mengi kuliko ripoti ya shule. Kisha mpe kisa kizima, pamoja na yale yanayotutia uzito sisi wenyewe.

Kijana wangu nilimjibu kwamba Salahuddin aliwaacha kwa sababu alitoa ahadi, na kwamba si wote walioachwa. Akashangaa zaidi. Wiki iliyofuata nikawasimulia darasani kisa alichokiandika Ibn Shaddad. Wakati wa vita vya Akka, wezi wa jeshi la Waislamu waliingia usiku kambini mwa Wafaranki wakaiba mtoto mchanga wa miezi mitatu. Mama yake akaja kwa Salahuddin akilia na kugaagaa mchangani. Salahuddin akatokwa na machozi. Akaamrisha mtoto atafutwe. Ikaonekana amekwisha kuuzwa sokoni. Akamrudishia mnunuzi fedha yake, na mtoto akakabidhiwa mamaye, akamnyonyesha huku analia na watu wakilia. Kisha akapandishwa farasi, yeye na mwanawe, wakarudishwa kambini kwao.

Darasa lilinyamaza. Kijana yule, akiwa nyuma kabisa, akasema: "Sheikh, hiki hawakukitia katika vile vipande."

Wallahu aalam.