Tangi la Maji la Tela: Tulisafishe Namna Gani?



Katika mashamba mengi ya chai, mkonge na miwa, maji ya kunywa huletwa kazini kwa tangi la tela linalokokotwa na trekta. Maji yaweza kutoka kisimani yakiwa safi na kutufikia yakiwa yameharibika, maana uchafu umo ndani ya tangi lenyewe. Utelezi unaoshika kuta zake ni maskani ya vijidudu. Huko hutoka kuhara na homa ya matumbo, na wakati wa kipindupindu tangi moja laweza kuangusha kikosi kizima.

Kazi yenyewe ni hii. Kwanza, tufungue koki ya chini, tumwage maji yote pamoja na tope. Pili, tusugue kuta na mfuniko kwa brashi na sabuni, tusuuze mpaka povu liishe. Tatu, tutie maji robo ya tangi, tuongeze klorini ya unga ya asilimia 70, gramu 80 kwa kila lita 1,000 za ujazo wa tangi zima, kisha tujaze pomoni. Kama iliyopo ni klorini ya maji ya asilimia 5, itiwe lita 1 kwa kila lita 1,000. Tufungue koki mpaka harufu ya dawa itoke, tuifunge, tuache saa 24. Mwisho tumwage yote mbali na mto, tusuuze, ndipo tujaze maji ya kunywa. Mpira wa kujazia nao usafishwe.

Mambo matatu yasisahauliwe. Tangi lililowahi kubeba dawa ya kuulia wadudu lisitiwe maji ya kunywa kamwe, hata likioshwa mara ngapi. Klorini isichanganywe na asidi wala dawa nyingine, kwani hutoa hewa ya sumu. Mtu asiingie tangini peke yake: mfuniko uwe wazi, na mwenzake asimame nje akimwangalia.

Na gharama ni ya nani? Mkataba namba 155 wa Shirika la Kazi Duniani (ILO), wa mwaka 1981, wasema hatua za usalama na afya kazini zisimgharimu mfanyakazi chochote. Mwaka 2022 mkataba huo uliwekwa miongoni mwa mikataba ya msingi. Basi klorini, glavu na viatu vya mpira tuvidai kwa mwajiri.

Kila tawi liulize wiki hii: tangi letu lilisafishwa lini, na nani? Tarehe iandikwe kwa rangi ubavuni mwa tangi, ili kila anayekinga kikombe aione.